Upimaji wa kiwango cha kuyeyuka

Upimaji wa kiwango cha kuyeyuka ni kazi ya maabara inayotafuta halijoto ambapo dutu mango hugeuka kuwa kiowevu. Katika kemia ogania hutumiwa hasa kwa mambo mawili: kutambua kampaundi na kuchunguza usafi wake. Sampuli inayohitajika ni miligramu chache tu, vifaa ni vya bei nafuu, na jibu hupatikana katika muda usiozidi nusu saa. Kwa sababu hiyo ni moja ya vipimo vya kwanza ambavyo mwanafunzi wa kemia hufundishwa, na bado kimo katika vitabu rasmi vya viwango vya dawa vya nchi nyingi.

Kipimo hiki ni hodari zaidi katika kukanusha kuliko katika kuthibitisha. Unga mweupe uliouzwa kama parasetamoli, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 169 hadi 171 za selsiasi, lakini ukayeyuka kwenye 130, hakika si parasetamoli safi. Ukiyeyuka kwenye 170 unaweza kuwa yenyewe, lakini zipo kampaundi nyingine nyingi zinazoyeyuka papo hapo.

Msingi wake

Katika fuwele molekuli zimepangwa kwa utaratibu unaojirudia pande zote, na kila moja inashikwa na jirani zake. Joto likiongezwa molekuli hutetemeka zaidi na zaidi, mpaka kwenye halijoto fulani mpangilio mzima unavunjika. Kwa kuwa mpangilio ni uleule katika fuwele yote, huvunjika wote kwa pamoja. Ndiyo maana dutu safi huyeyuka ghafla, kwa kawaida ndani ya nyuzi moja au chini yake. Wakati wa kuyeyuka joto linaloingia hutumika kuvunja mpangilio, na halijoto ya dutu yenyewe haipandi mpaka kipande cha mwisho kiishe.

Kiwango cha kuyeyuka karibu hakibadiliki kwa shinikizo la hewa. Hapo kinatofautiana sana na kiwango cha kuchemka. Maji ya Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi takriban 95, ilhali ya Mombasa huchemka kwenye 100. Barafu huyeyuka kwenye sifuri katika miji yote miwili: inahitaji shinikizo la ziada sawa na la angahewa nzima ili kiwango chake kishuke kwa nyuzi 0.0074 tu. Kwa hiyo namba iliyopimwa katika maabara yoyote duniani inaweza kulinganishwa na namba ya kitabuni bila kusahihishwa kwa ajili ya mwinuko.

Athari ya uchafu

Molekuli ngeni hazikai vizuri ndani ya fuwele, lakini huyeyuka kwa urahisi ndani ya kiowevu. Zinapokuwapo, kiowevu huwa tulivu zaidi kuliko kingekuwa peke yake, na fuwele huanza kuyeyuka mapema. Uchafu kidogo hivyo huleta mabadiliko mawili: kiwango hushuka, na muda kati ya tone la kwanza na fuwele ya mwisho hupanuka. Kwa naftalini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 80.2, molekuli moja ngeni katika kila mia inatosha kushusha kiwango kwa karibu nusu nyuzi.

Vitu vingi vya nyumbani ni michanganyiko, na tabia yao huonekana bila kipimajoto. Mafuta ya nazi yana asidi za mafuta za aina nyingi, nayo hulainika na kuyeyuka kidogo kidogo karibu na nyuzi 24. Chupa iliyo kiowevu mwaka mzima huko pwani hukutwa imeganda asubuhi za Julai katika miji ya nyanda za juu.

Kafuri inastahili kutajwa peke yake. Fuwele zake, zilezile zinazotumika katika kuosha maiti, huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 177, lakini kiwango hicho hushuka kupita kiasi kikichanganywa na kitu kingine: molekyula-gramu moja ya dutu ngeni katika kilo moja ya kafuri hushusha takriban nyuzi 40. Mwaka 1922 Karl Rast alitumia tabia hiyo kupima uzito wa molekuli. Miligramu 10 za naftalini katika miligramu 100 za kafuri hushusha kiwango kwa nyuzi zipatazo 31, tofauti ambayo hata kipimajoto cha kawaida huiona wazi. Kutokana na tofauti hiyo uzito wa molekuli ya naftalini, 128, hupatikana kwa hesabu fupi.

Namna ya kupima

Njia iliyoenea zaidi hutumia mrija mwembamba wa kioo, yaani kapilari, wenye upana wa ndani wa karibu milimita moja na uliozibwa upande mmoja kwa moto. Sampuli hukaushwa kwanza kwa uangalifu. Maji au kiyeyushi kilichobaki baada ya kusafisha ni uchafu kama uchafu mwingine, na pengine ndiyo sababu inayowaponza wanafunzi kuliko zote. Kisha sampuli husagwa iwe unga laini. Mdomo wa kapilari hubonyezwa juu ya unga, na mrija huachiwa uanguke wima ndani ya bomba refu la kioo lililosimamishwa mezani. Ukigonga meza mara kadhaa unga hushuka na kushikamana chini. Kimo cha milimita 2 hadi 3 kinatosha. Unga mwingi zaidi hauleti usahihi zaidi: huchelewa kupata joto katikati na kufanya kuyeyuka kuonekane kumechukua nyuzi nyingi.

Kapilari hufungwa kando ya kipimajoto, sampuli ikiwa sambamba na chembe ya kipimajoto, na vyote viwili hutumbukizwa katika mafuta yanayopashwa moto. Mdomo wa kapilari hubaki juu ya mafuta. Ili mafuta yawe na joto sawa pote bila kukorogwa, mkemia Mjerumani Johannes Thiele alitangaza mwaka 1907 mrija wenye mkono uliopinda ubavuni. Moto huwekwa chini ya mkono huo. Mafuta yaliyopata joto hupanda, yaliyopoa hushuka, na mzunguko hujiendesha wenyewe. Mrija wa Thiele bado unatumika katika shule na vyuo, kwani hauhitaji umeme. Zamani asidi salfuriki kali ilitumika badala ya mafuta. Ni vizuri kwamba desturi hiyo imekufa, kwa kuwa mrija ukipasuka asidi yenye nyuzi 200 humrukia anayepima. Hata mafuta yana hatari yake: tone la maji likiingia humo hugeuka mvuke kwa kishindo na kuyarusha.

Vifaa vya umeme vina kipande cha chuma chenye matundu ya kapilari mbili au tatu, taa, na lenzi ya kukuzia. Vingine vina kamera inayotambua badiliko la mwanga sampuli inapokuwa angavu. Kanuni ni ileile.

Jambo linaloamua ubora wa kipimo ni mwendo wa kupasha joto. Kipimajoto hupima joto la mafuta au chuma, si joto la unga ulio ndani ya kioo, na joto huhitaji muda kupita. Halijoto ikipanda nyuzi 10 kwa dakika, unga unaweza kuwa bado uko nyuma kwa nyuzi kadhaa, na kuyeyuka kwenyewe huchukua muda ambao namba inaendelea kupanda. Dutu safi huonekana chafu, na tena huonekana kuyeyuka juu mno. Karibu na kiwango chenyewe mwendo unaofaa ni nyuzi 1 hadi 2 kwa dakika. Kwa dutu isiyojulikana hilo lingemaanisha kungoja saa mbili, kwa hiyo hutayarishwa kapilari mbili. Ya kwanza hupashwa haraka ili kupata makadirio. Kifaa huachwa kipoe hadi nyuzi 15 au 20 chini ya makadirio hayo, kisha ya pili hupimwa polepole. Kapilari iliyokwisha kutumika hairudiwi, kwa kuwa dutu iliyoganda upya huenda imeharibika kidogo au imepata umbo jingine la fuwele.

Huandikwa namba mbili: halijoto ya tone la kwanza la kiowevu, na halijoto ambapo fuwele ya mwisho imetoweka, kwa mfano “121.5–122.5 °C”. Kabla ya tone la kwanza unga mara nyingi husinyaa na kujitenga na kuta za kioo. Huko si kuyeyuka. Mwanafunzi anayeandika namba moja tu ameacha nusu ya taarifa, maana upana kati ya namba mbili ndio unaosema kuhusu usafi.

Kuhakiki kipimajoto

Kipimajoto kinaweza kudanganya kwa nyuzi moja au mbili bila dalili yoyote. Hukaguliwa kwa kupima dutu safi ambazo viwango vyake vinajulikana: barafu (0), naftalini (80.2), asetanilidi (114.3), asidi benzoiki (122.4), asidi salisiliki (159) na nyinginezo. Tofauti hutiwa kwenye chati na kutumika kusahihisha vipimo vinavyofuata. Vituo vya kitaifa vya vipimo hufanya vivyo hivyo kwa metali safi. Katika kipimo cha kimataifa cha halijoto cha mwaka 1990, kuyeyuka kwa gali ni nyuzi 29.7646 na kuganda kwa zinki ni 419.527.

Kipimajoto cha kioo kina tatizo jingine. Vingi vimechorwa alama kwa kudhani kwamba uzi wote wa zebaki umo ndani ya joto, ilhali katika mrija wa Thiele sehemu yake kubwa iko nje, penye baridi. Uzi huo wa nje haukupanuka inavyotakiwa, na namba husomeka chini. Hujazwa kwa kuzidisha 0.00016 kwa idadi ya nyuzi za uzi ulio nje na kwa tofauti kati ya halijoto iliyosomwa na ile ya uzi huo. Ikiwa imesomwa 160, nyuzi 100 za uzi ziko nje, na hewa huko ina nyuzi 30, nyongeza ni 0.00016 × 100 × 130, yaani karibu nyuzi 2. Dosari ya ukubwa huo inatosha kumpeleka mtu kwenye kampaundi isiyo yake kitabuni. Vipimajoto vya zebaki vyenyewe vinaondoka polepole, kufuatia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kuhusu zebaki.

Kuyeyusha mchanganyiko

Namba moja inaweza kuwa ya kampaundi nyingi. Urea, ambayo wakulima huijua kama mbolea, na asidi sinamiki zote huyeyuka karibu na nyuzi 133. Mtu mwenye chupa isiyo na lebo hawezi kuzitofautisha kwa kapilari moja. Lakini urea safi ikiwa kabatini anaweza kuisaga pamoja na dutu yake kwa kiasi sawa na kupima mchanganyiko. Kama dutu ni urea, hakuna kigeni kilichoongezwa, na mchanganyiko utayeyuka palepale 133. Kama ni asidi sinamiki, kila moja ni uchafu kwa mwenzake, na mchanganyiko utaanza kuyeyuka nyuzi nyingi chini yake. Kapilari tatu, yaani isiyojulikana, inayojulikana na mchanganyiko, hupimwa bega kwa bega katika kifaa kimoja, hivyo hata dosari ya kipimajoto huzigusa zote sawa.

Kabla ya kupatikana kwa mashine za kupima miale, ushahidi huu ulikubaliwa kuwa karibu wa mwisho kwamba dutu mbili ni moja. Una mianya yake. Kampaundi zinazofanana mno kwa umbo zinaweza kuingiliana katika fuwele bila kushusha kiwango. Kampaundi zilizo kama mkono wa kulia na wa kushoto hufanya vituko zaidi: asidi tartariki ya upande mmoja huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 170, lakini ile yenye pande zote mbili kwa usawa, iliyotengeneza fuwele ya pamoja, huyeyuka kwenye 206.

Asidi margariki: funzo kutoka karne ya 19

Michel Eugène Chevreul (1786–1889), mkemia Mfaransa, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia kiwango cha kuyeyuka kama kipimo cha usafi. Alipokuwa akichunguza mafuta ya wanyama alitenganisha asidi zake kwa kuyeyusha na kugandisha tena na tena, akipima kila hatua. Alipoona kiwango kimeacha kupanda, alihesabu dutu kuwa safi. Kwa njia hiyo alifumbua mafuta na sabuni zimeundwa na nini, na kitabu chake cha mwaka 1823 kikawa msingi wa kemia ya mafuta.

Moja ya asidi alizozitaja, kuanzia mwaka 1813, ilikuwa na fuwele zenye mng’aro wa lulu, akaiita margariki kutokana na neno la Kigiriki la lulu. Kwa miaka karibu arobaini wakemia waliikubali kama dutu moja. Katika miaka ya 1850 Wilhelm Heintz, huko Ujerumani, alionyesha kwamba haikuwa dutu moja, bali mchanganyiko wa asidi palmitiki, inayoyeyuka karibu na nyuzi 63, na asidi steariki, inayoyeyuka karibu na 69. Zilikuwa zimefanana mno kiasi cha kutotengana kwa ugandishaji wa kawaida.

Ipo pia michanganyiko ambayo huyeyuka ghafla kama dutu safi, kwa kuwa viungo vyake vimo katika uwiano ule hasa unaotoa kiwango cha chini kuliko vyote. Uwiano huo huitwa yutektiki. Njia ya kuigundua ni kuongeza kidogo cha kiungo kimojawapo kilicho safi: kiwango kitapanda badala ya kushuka. Jina la asidi ya Chevreul lilibaki sokoni baada ya kuondoka maabarani. Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès alilichukua mwaka 1869 kwa mafuta aliyoyabuni kuwa badala ya siagi, nayo ndiyo majarini inayopakwa kwenye mkate hadi leo.

Dutu zisizo na fuwele

Kiowevu na sharubati hazina kiwango cha kuyeyuka kinachopimika kwa urahisi. Wakemia walizunguka tatizo hilo kwa kuzigeuza kwanza kuwa kampaundi nyingine iliyo mango, kisha kuipima hiyo. Mafuta ya karafuu, yanayokamuliwa Pemba na Unguja, yana yujenoli kwa wingi, nayo ni kiowevu. Ikiunganishwa na kloridi ya benzoili hutoa fuwele za benzoati ya yujenoli zinazoyeyuka kwenye nyuzi 69 hadi 70, na yujenoli inatambulika.

Mjerumani Emil Fischer aliifikisha njia hii mbali kuliko wote. Sukari zilikuwa zikiwatesa wakemia kwa kubaki uji unaonata. Mwaka 1884 Fischer alieleza kwamba sukari zikipashwa moto na fenilihidrazini hutoa fuwele za manjano, osazoni, zinazotenganishika vizuri. Glukosi, manosi na fruktosi zilitoa osazoni moja, jambo lililoonyesha kwamba molekuli zake hutofautiana mwisho mmoja tu. Kazi hiyo ilichangia Tuzo ya Nobel aliyoipata mwaka 1902, na fenilihidrazini, ambayo ni sumu, ilimharibia afya.

Osazoni ya glukosi hutajwa kuyeyuka kwenye nyuzi takriban 205, lakini namba hiyo haitulii. Osazoni huvunjika inapoyeyuka: hubadilika rangi na kutoa mapovu. Ikipashwa polepole huvunjika mapema, ikipashwa haraka hufika juu zaidi. Kwa kampaundi za aina hii ni lazima kuandika kwamba imevunjika, pamoja na mwendo wa kupasha. Aspirini pia huangukia kundi hili, ndiyo maana wanafunzi huitumbukiza katika mafuta yaliyokwisha kufika karibu na kiwango chake cha nyuzi 135 hivi.

Kafeini iliyotolewa kwenye majani ya chai ina kisa kingine. Hugeuka mvuke kabla haijafika 235, kiwango chake, na kapilari hukutwa tupu huku fuwele zikiwa zimekaa juu yake. Mrija huzibwa pande zote mbili. Kampaundi zinazoweza kulipuka, kama vile azidi, peroksidi na nyingi zenye naitrojeni na oksijeni kwa wingi, hazipimwi kwa njia hii kamwe.

Maumbo ya fuwele

Dutu moja safi inaweza kuwa na viwango viwili au zaidi, kwa kuwa molekuli zilezile hujipanga kwa namna tofauti. Parasetamoli ina umbo la pili linaloyeyuka karibu na nyuzi 157. Siagi ya kakao ina maumbo sita, na watengenezaji wa chokoleti hulitaka lile la tano, linaloyeyuka karibu na 34, chini kidogo ya joto la mdomo.

Katika dawa jambo hili si dogo. Mwaka 1998 dawa ya UKIMWI ritonaviri ilianza kutokeza kiwandani umbo jipya la fuwele ambalo halikujulikana na ambalo huyeyuka kwa shida zaidi katika majimaji. Kampuni ililazimika kuondoa vidonge vyake sokoni mpaka ilipotengeneza dawa upya kwa namna nyingine, na wagonjwa walitumia dawa ya maji kwa muda. Molekuli ilikuwa ileile, na safi.

Maumbo kama hayo huchunguzwa kwa hadubini yenye jukwaa la joto, njia iliyoendelezwa na Ludwig Kofler na mkewe Adelheid huko Innsbruck, Austria. Fuwele moja huonekana ikibadilika umbo, ikiyeyuka na kuganda upya. Kofler anajulikana pia kwa benchi lake, upau wa chuma ulio na joto upande mmoja na baridi upande mwingine: unga hunyunyizwa juu yake na mpaka kati ya ulioyeyuka na usioyeyuka husomwa mara moja.

Tangu miaka ya 1960 zipo pia mashine zinazopima kiasi cha joto ambacho sampuli hunyonya halijoto inapopanda. Kutokana na umbo la mchoro unaopatikana huweza kukokotolewa asilimia ya usafi, mradi sampuli iwe karibu safi tayari na isivunjike. Utambulisho wa kampaundi mpya sasa hutegemea zaidi vipimo vya miale na sumaku, lakini taarifa ya kampaundi iliyo mango bado hutarajiwa kutaja kiwango chake cha kuyeyuka.